Hodi kwa Warumi

Tangu Mwalimu wetu wa Cedar Hill afariki, Watanzania wa Dallas wamemgeuza mtakatifu. Nikienda kwenye shughuli Carrollton nawasikia watu ambao hawakuwahi kumpelekea hata kikombe cha uji wakisimulia hekima zake, sauti wamezilegeza kama watangazaji wa vifo. Mimi huwa nanyamaza, nakula wali wangu. Mwalimu niliyemjua mimi alikuwa msumbufu, mbishi, mwepesi wa kununa, na usipokuwa macho anakufunulia masufuria yako jikoni kabla hujamaliza kumpa pole ya njiani. Nilimpenda sana. Lakini mtakatifu, hapana, tusidanganyane.

Alikuja Texas mwaka 2017, baada ya mkewe kufariki, akakaa kwa binti yake Neema huko Cedar Hill. Neema ni nesi, mumewe anaendesha lori la masafa marefu, na wana mabinti wawili wanaoelewa Kiswahili vizuri tu ila wakijibu wanajibu Kiingereza. Mimi nilikuwa jirani yao wa mtaa wa pili, nafanya kazi ghalani Mesquite zamu ya alfajiri, kwa hiyo mchana niko nyumbani. Neema akaniomba niwe namchungulia mzee. Kuchungulia kukawa kupika, kupika kukawa kubishana, na kubishana ndiko kulikotufanya ndugu.

Kwetu alikuwa mwalimu wa Historia na somo la Biblia katika shule ya misheni. Masomo hayo mawili yalimkutanisha na watu wale wale kila siku, asubuhi na mchana: Warumi. Kipindi cha kwanza wanateka nchi za watu, kipindi cha nne wanamsulubisha Bwana. Aliishi nao ubaoni mpaka akastaafu, bila kuona hata tofali lao moja. Kwa hiyo alikuwa amebakiwa na haja moja tu duniani, na hakumficha mtu: kuingia ndani ya nyumba ya Mrumi na kuona kwa macho yake kwamba imeanguka kweli.

"Nimewafundisha watoto wa watu kwamba imeanguka," aliniambia siku ya kwanza tulipoonana, hata jina langu hajaliuliza. "Na kama nimewadanganya?"

Nikamwambia picha ziko tele kwenye simu, nimwonyeshe? Akasema picha hata za majini watu wanapiga.

Lazima nieleze habari ya hodi, maana bila hiyo humwelewi hata kidogo. Kwa Mwalimu, mlango haugongwi wala kengele haibonyezwi. Unasimama kando kidogo ili usionekane unachungulia, unavua kofia, unasema hodi. Ukiitikiwa, unaingia. Usipoitikiwa unarudia, na ya tatu ikipita kimya unageuza urudi ulikotoka. Si jambo geni, kila mtu wa kwetu analijua. Mimi mama yangu alinifundishia Tanga kwa kofi. Tatizo ni nyumba za Texas. Kiyoyozi kinanguruma, televisheni inapiga kelele, mwenye nyumba yuko huko ghorofani. Mwalimu alikuwa anaweza kusimama nje kwako na pama lake, ile kofia pana, kifuani, akasema hodi zake tatu kwa sauti ya heshima, wewe uko ndani unakaanga maandazi na miziki yako, halafu akajiondokea. Jioni simu inalia.

"Nilikuja, hukuitika."

Hana la kuongeza. Utaomba radhi mpaka uchoke, yeye kimya, anakusikiliza tu unavyohangaika. Nadhani alikuwa anafurahia.

Ungefikiri angalau kwa binti yake alikuwa anaingia tu. Thubutu. Alipewa ufunguo wa nyumba, akautia kwenye mfuko wa koti, na sikumwona akiutumia hata mara moja. Akitoka kutembea, akirudi, anasimama mlangoni kama mgeni wa siku hiyo. Ndani wajukuu wanapiga kelele, "It's open, Babu!" Yeye hatikisiki. Anasubiri neno lake. Mpaka mmoja wa wale watoto achoke, aje mlangoni aseme karibu kwa lafudhi ya Dallas, ndipo anaingia, tena anashukuru.

Kisa cha kengele kila mtu anakisimulia vibaya, kwa hiyo nakisahihisha hapa. Neema alifunga kengele ya mlangoni yenye kamera, zile ambazo unamwona mtu kwenye simu hata ukiwa mbali. Siku moja ya mwisho wa Agosti, jua la kukaanga yai, yuko wodini akatazama simu, akamwona baba yake mzazi amesimama nje ya mlango, pama mkononi, jasho linamtiririka, anaipigia hodi nyumba isiyo na mtu. Na ufunguo uko mfukoni. Neema akabonyeza kitufe, akazungumza kupitia kile kidude, "Karibu, baba, ingia ndani."

Mwalimu akakitazama kidude. Akauliza, "Uko ndani?"

"Hapana, baba, niko kazini."

"Sasa unamkaribisha nani kwenye nyumba ambayo wewe mwenyewe humo?"

Akaenda kukaa chini ya kivuli cha gereji mpaka basi la shule lilipowaleta wajukuu. Mimi nilifika kabla ya hilo basi na maji baridi, nikamkuta ameloa, nikamgombeza bila aibu, kwamba mtu mwenye kifua kibovu kama chake anaweza kufa na joto hili, na kwamba hii ni nyumba ya mwanawe. Akanywa maji yote kwanza. Halafu akasema taratibu kwamba nyumba ni ya mkwe wake, na mtu mzima anayekaa kwa mkwe afadhali ajue kwamba amekaa kwa watu. Mkwe mwenyewe alikuwa mtu mwema kupita kiasi, alikuwa anamletea karanga kutoka kila jimbo alilopita. Haikusaidia. Mwalimu alikaa kwenye nyumba ile kama aliyekaa kwenye kiti cha mbele kanisani, wima, hajui kama kiti kina mwenyewe.

Ndiyo maana alikuwa na swali lake la siku zote: "Kwani hapa hakuna wenyewe?" Aliliuliza kila mahali. Madukani, ambako hakuna mtu wa kukusalimia. Kwenye maegesho yasiyo na mwisho. Kwenye barabara kuu yenye njia nyingi na hakuna hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu. Nilimpeleka Fort Worth kuona ng'ombe wenye mapembe marefu, akawatazama, akatazama watalii, akauliza, "Kwani hapa hakuna wenyewe?" Nikamwambia ng'ombe ni wa manispaa. Alicheka mpaka akaanza kukohoa.

Lakini sasa, mtu huyo huyo wa hodi na heshima, akishaitikiwa, Mungu wangu. Karibu kwake ilikuwa leseni. Anaingia moja kwa moja jikoni. Anafunua sufuria, ananusa, anachota. Anafungua friji yako, anakuuliza hii nyanya ina umri gani. Kwangu alikuwa na shtaka moja la kudumu: chumvi. Neema alikuwa amenikataza kumtilia chumvi kwa sababu ya presha, na mimi namwogopa Neema kuliko ninavyomwogopa Mwalimu, kwa hiyo nilikuwa napika ndizi zisizo na ladha na kumtazama usoni. Kila siku anaonja, anaweka kijiko chini, anauliza kama Tanga bahari imekauka.

Alikuwa na vioja vingine. Mtu aliyeota magofu usiku na mchana hakutaka kitu kikuukuu ndani. Neema alinunua meza ya mtumba, nzuri, ya mbao ngumu, Mwalimu akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa, akauliza kama tumevuka bahari yote ile kuja kununua mitumba kwa wenye mitumba. Huku yeye koti lake lilikuwa na umri wangu. Aliwachukia Warumi kwa moyo wote, lakini akipoteza rimoti anaitafuta kwa sala za Kilatini alizokaririshwa seminarini. Nikimtania kwamba hiyo ni lugha ya adui, ananiambia hata silaha unaweza kumnyang'anya adui ukaitumia.

Na alikuwa na nadharia yake. Vitabuni sababu za kuanguka kwa Dola ya Rumi ziko, naye alizifundisha zote: majeshi, kodi, viongozi wabovu, wavamizi kutoka kaskazini. Wanafunzi wanaandika. Kisha anageuka kutoka ubaoni, anaongeza ya kwake: Warumi waliingia kwa watu bila hodi. Waliingia kwa Wayahudi, kwa Wamisri, kwa kila aliyekuwa na mlango, na aliyezoea kuingia bila hodi, siku yake naye ataingiliwa. "Andika, usicheke," alikuwa anasema. Yuko mhasibu mmoja Carrollton, mwanafunzi wake wa zamani, aliyeandika. Akaiweka sababu hiyo kwenye mtihani wa taifa, tena namba moja. Msahihishaji hakumpa kitu. Mhasibu yule mpaka leo ana kinyongo, na alipokutana na Mwalimu Texas jambo la kwanza alilomdai ni ile alama. Mwalimu akamwambia aliyekosea ni msahihishaji, akakate rufaa.

Mwaka 2018 ikapatikana nafasi. Mdogo wake Neema alikuwa anaolewa Dar es Salaam, Neema hakupata likizo, mimi nilikuwa naenda nyumbani, kwa hiyo mzee akakabidhiwa kwangu. Neema, ambaye anajua kumpenda baba yake bila kumwambia, akatafuta tiketi inayopitia Roma na kutuweka pale siku nzima. Alimwambia hivi, na mimi nilikuwepo: daktari amesema kifua chako hakitaki tena safari ndefu, baba. Hii ndiyo ya mwisho. Ukitaka kuwaona hao watu wako, ni sasa.

Mwalimu hakusema asante. Alikwenda chumbani kupiga pasi suti.

Viza ilitupeleka Houston, maana huko ndiko ilikokuwa ofisi ya ubalozi wa Italia. Njia nzima aliniimbia nyimbo za kanisani, mimi Mwislamu wa watu nimeshika usukani, na alipochoka akalala mdomo wazi. Kwenye dirisha la ofisi, kijana wa watu akamuuliza kwa adabu anakwenda Roma kufanya nini. Nilikuwa nimemfundisha usiku kucha aseme utalii. Akasema ukaguzi. Nilitaka kuingia chini ya kiti. Kijana akatabasamu, akaandika kitu, sijui aliandika nini, ila viza ilitoka.

Jioni ile ile, kwa sababu tulikuwa Houston na sisi hatupishani na sherehe, tulikwenda kwenye harusi ya nesi mmoja Mkenya aliyefanya kazi na Neema. Ukumbi ulikuwa na nguzo za Kirumi, nyeupe, kubwa, zimezungushiwa maua na taa. Mwalimu alisimama mbele ya nguzo ya kwanza kama amekutana na mtu anayemjua. Akaigonga kwa mkongojo. Ikalia kama ndoo tupu. Akagonga ya pili, akagonga ya tatu, mbele ya wageni, mpaka bwana mmoja wa kamati akaja kumwomba radhi kwa kosa asilolijua. Mwalimu akamwambia asijali, ila hiyo ndiyo sababu hataki picha. Alikula vizuri, akacheza na mama wa bwana harusi. Kwenye gari usiku akasema anaogopa. Nikamuuliza anaogopa ndege? Akasema hapana, anaogopa afike huko zilie hivyo hivyo.

Basi tukafika Roma. Mimi nilitegemea magofu yawe mahali pake, porini huko, yamezungukwa na majani. Kumbe yamo katikati ya mji, mabasi yanayazunguka, pikipiki zinapiga honi, watu wamekaa wanakunywa kahawa wameupa mgongo ukuta ambao Mwalimu aliuchora ubaoni maisha yake yote. Yeye alitembea na suti yake nyeusi, pama, tai, katikati ya watalii wenye kaptura. Wachuuzi wa maji walimpisha njia. Mmoja alimwita papa, yaani baba, Mwalimu akanunua chupa kwa ajili ya hiyo papa tu.

Ule uwanja mkubwa wa mviringo, ambao dunia nzima inauendea, aliukataa. Akasema pale walikuwa wanaua watu kwa kuburudika na yeye haendi mahali hapo hata akialikwa kwa kadi. Alitaka nyumba. Kuna kilima juu ya magofu, zilikokuwa nyumba za wakubwa, ndiko tulikopanda, pole pole, anapumua kama jiko la mkaa linalopepewa, mimi nina dawa yake ya kuvuta mkononi na Ayatul Kursiy moyoni. Njiani akikuta nguzo anaigonga. Hazikulia. Zilikuwa jiwe mpaka ndani. Kila alipogonga aliniangalia, uso umenawiri, na mimi nikawa najikuta nafurahi kwa sababu ya mawe.

Tukafika kwenye nyumba. Kuta zimebaki hadi kifuani, paa hakuna, sakafu ina vipande vya marumaru, na pale ulipokuwa mlango kuna kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa miguu ya watu. Mlango wa kupita uko wazi, watu wanaingia na kutoka wakipiga picha. Mwalimu akasimama kando kidogo. Akavua pama. Nikajua.

"Hodi," akasema.

Watalii wakageuka. Akasubiri, akarudia. Mama mmoja mwenye mwavuli wa rangi akamtazama kwa huruma. Akarudia ya tatu, kwa sauti ile ile, wala hakuipandisha. Upepo tu. Akavaa pama lake, akageuka.

"Hawapo," akasema. "Twende."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, Mwalimu, tumetoka Texas. Akasema anajua. Nikamwambia watu hawa wamekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Akasema ndiyo maana hawakuitika. Nikamwambia, na hapo sauti ilikuwa imeshanipanda, kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho, daktari kasema, Neema kajinyima usingizi kuitafuta tiketi hii, na mlango uko wazi, watoto wa watu wanapita humo na aiskrimu, yeye nani asiingie? Akakaa kwenye jiwe la kando ya njia, akaipa nyumba mgongo. Mikono yote miwili ameiweka juu ya mkongojo, anaukandamiza ardhini. Sikuwahi kumwona hivyo. Alitaka kuingia, jamani, alitaka kuingia kuliko nilivyowahi kuona mtu mzima akitaka kitu.

"Mwanangu," akasema, "nimewasema watu hawa miaka yote kwamba waliingia kwa wenzao bila hodi. Leo mimi niingie kwao hivyo hivyo? Basi nilikuwa nawasingizia nini?"

Mimi si mtu wa subira. Nilisimama pale nikimtukana kimoyomoyo, yeye na Warumi wake na msahihishaji wa mtihani. Nikamtazama mgongo, lile koti kuukuu alilolipiga pasi mpaka linameta. Halafu nikakumbuka kidude cha Neema mlangoni, na swali lake kwamba unamkaribisha nani kwenye nyumba ambayo humo.

Nikaingia. Nikapita kizingiti, nikazunguka ukuta, nikasimama kwenye kona ambako nadhani palikuwa sebule, na hijabu yangu na begi langu la mgongoni, katikati ya kundi la watalii waliokuwa wanamsikiliza kiongozi wao. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwita kwa sauti, "Mwalimu, piga hodi tena."

Kisha, kutoka nje, "Hodi."

"Karibu."

"Wenyewe wapo?"

Hapo ningesema nini? Nikajibu kama ninavyojibu mgeni anapomkuta mtu mmoja tu nyumbani. "Wametoka kidogo. Karibu ukae, Mwalimu."

Akaingia na mguu wa kulia. Nilitarajia sasa aanze kazi yake, afunue kila kitu, aulize sakafu ina umri gani, awacheke kwa kukosa paa. Amewangoja maisha yake yote awacheke. Akasimama katikati, akazungusha macho, taratibu, ukuta huu, ukuta ule, akatazama juu mbinguni ambako paa lingekuwa. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Poleni," akawaambia.

Kisha akatafuta jiwe akakaa, kama watu wanavyokaa msibani, magoti pamoja, na mimi nikakaa karibu yake. Nilitaka kulia na sijui nilikuwa namlilia nani. Tulikaa hivyo mpaka mlinzi, mama mnene mwenye redio begani, alipokuja kutuambia muda umekwisha. Mwalimu akamshukuru kwa kutukaribisha nyumbani kwao. Kwa Kilatini. Mama yule alimwelewa au hakumwelewa, alimshika mkono.

Aliporudi Texas kutoka harusini Dar es Salaam hakuwezekana. Kila mkusanyiko, kila ubarikio, lazima tusikie Roma. Alisimulia kwamba alipiga hodi kwa Warumi akakaribishwa, na hakusema na nani. Nikikohoa pembeni ananiambia ninywe maji. Mhasibu wa Carrollton aliomba ushahidi wa picha, na mimi nilikuwa nayo moja tu, ya mgongo wa Mwalimu akiwa amekaa kwenye jiwe, amekasirika. Mwalimu aliichukua, kwa Neema wakaitia kwenye fremu, wakaiweka juu ya ile meza ya mtumba.

Lakini mlangoni kwa Neema alibaki vile vile, pama kifuani, anasubiri. Nilimuuliza siku moja: Warumi wamekukaribisha, mkwe wako anakuletea karanga, umebakiza nini? Akasema kwa Warumi alikuwa mgeni wa siku moja, na huo ni ugeni mwepesi.

Halafu ikaja 2020. Neema alikuwa anatoka wodini anaingilia gereji, anavua nguo huko huko, anaoga, analala chumba cha nyuma peke yake, wanawe anawapungia mkono dirishani. Mumewe yuko barabarani, maana malori hayakusimama. Mimi ghalani Mesquite watu wanaanguka zamu kwa zamu, leo huyu hayupo, kesho yule. Mwalimu na kifua chake alikuwa ndani na wajukuu, na Neema alinikataza kukanyaga pale. Akasema kwa upole, lakini alisema. Nilimtii kwa muda mrefu. Halafu siku moja ya mapumziko nikapika ndizi nyama, nikatia chumvi kidogo, Mungu anisamehe, nikazipeleka.

Nilikusudia kuacha sufuria mlangoni niondoke. Wallahi hayo ndiyo yalikuwa makusudio. Lakini nikamwona dirishani, kwenye kiti chake, amepungua, suti imemvaa yeye badala ya yeye kuivaa. Ameniona. Na miguu yangu ikasogea yenyewe mpaka mlangoni, nikashusha barakoa, nikasimama kando kidogo.

"Hodi."

Kati yetu kulikuwa na kioo tu, na dirisha lilikuwa limefunguliwa kidogo kwa chini. Alinisikia. Aliniangalia bila kupepesa. Nikangoja. Mtu ambaye amewanunia watu wa mji mzima kwa kutoitika.

"Hodi, Mwalimu."

Akaweka mikono yote miwili juu ya mkongojo, kama siku ile kwenye jiwe, akaukandamiza. Mdomo ulicheza, nikajua neno limefika. Akaufumba.

Nikasema ya tatu. Yeye akainamisha kichwa, hakuitika, na mimi nafahamu sheria, nikaacha sufuria chini, nikageuka nikarudi kwenye gari. Nililia kwa hasira kwanza. Kisha nikampigia simu, yuko pale pale dirishani namwona anaipokea.

"Nimekuja, hukuitika," nikamwambia.

"Nimekusikia mara zote tatu."

"Sasa?"

"Ningeitika, ungeingia."

Yeye akakohoa, akangoja kikohozi kipite, akauliza kwenye sufuria kuna nini. Nikamwambia ndizi. Akauliza kama Tanga bahari imerudi. Nikamwambia imerudi kidogo, asimwambie Neema. Akaniambia niendeshe pole pole na nisirudi mpaka aniite mwenyewe.

Sikuondoka mara moja. Nilimwona anafungua mlango, anatoka barazani na mkongojo wake, anainama kwa shida. Akafunua sufuria pale pale nje, akachota kwa kidole, akaonja, akatikisa kichwa. Akalifunika, akalikumbatia kifuani mahali pa pama. Akageukia mlango uliokuwa nyuma yake, akaingia ndani bila kupiga hodi.